Wimbo wangu unakatika dakika ya 3 na sekunde 2. Nani aliukata?

#1 Mwanakwetu wa Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa nasafisha stoo, nikakuta kompyuta yangu ya kwanza, ile ya mnara, vumbi limeifunika kama shuka. Nikaifungua, nikatoa diski yake ya GB 20, nikaazima waya kwa jirani na kuichomeka kwenye laptop. Ikasoma! Ndani kuna folda imeandikwa NYIMBO MPYA. Mpya za 2004. Zimo 312. Nimekaa nazo mpaka adhana ya alfajiri, mke wangu ananiuliza kuna msiba gani.

Sasa humo kuna wimbo mmoja wa Bongo Fleva. Siutaji, maana nikiutaja mtaanza kuuimba badala ya kunijibu. Nimeusikiliza pengine mara elfu. Kwenye faili langu unaishia 3:02, katikati ya neno. Jamaa anaimba "nita...", basi, kimya. Miaka yote nilijua ndivyo ulivyotungwa. Niliona ndiyo uzuri wake, kwamba mtu anaondoka bila kumaliza alichotaka kumwambia yule binti, na wewe unabaki unamalizia mwenyewe kichwani.

Mwaka jana kwenye harusi ya binamu yangu kule Mbezi, DJ akaupiga. Ukafika pale, nikanyamaza kupisha ule ukimya wangu. Wimbo ukaendelea! Kumbe kuna ubeti mzima, na kuna mwanamke anamjibu. Nilisimama na sahani ya pilau mkononi nasikiliza kama mtu anayesomewa barua iliyopotea.

Nimezihesabu: kati ya hizo 312, nyimbo 41 zimekatwa namna hiyo. Swali langu ni moja. Nani alikuwa anakata nyimbo zetu?

#2 Ngalawa

Uzi tayari. Nimekaa mbele kabisa.

#3 Kamwana 254

Mkubwa, hiyo ni saiba, yaani intaneti kafe. Nairobi tulifika mahali tukawa tunalipa bob moja kwa dakika. Umeingia na bob thelathini, umeanza kushusha wimbo, mstari wa bluu unatambaa kama konokono. Umefika asilimia 76, skrini inajifunga: muda wako umekwisha. Unamwangalia mwenye saiba, naye anaangalia mlangoni kama hakuoni. Basi unabeba hiyo 76 yako nyumbani. Mimi nina nyimbo nyingi sana za asilimia 76, na zote nazijua kwa moyo.

#4 Fundi Disketi

Kamwana yuko sahihi, ngoja niongeze kwa nini hiyo asilimia 76 ilikuwa inaimba hata kidogo.

Faili la MP3 limejengwa kwa vipande vidogo vidogo vilivyofuatana, kila kimoja kina sampuli 1,152, yaani kama milisekunde 26 za sauti. Kila kipande kina kichwa chake na kinajieleza chenyewe. Kwa hiyo ukilikata faili popote pale, linacheza vizuri hadi pale ulipokata, halafu linanyamaza. Halilalamiki, halikuambii limeharibika. Picha iliyokatika mara nyingi inaonekana nusu, na faili la ofisini lililokatika mara nyingi linagoma kufunguka, unajua mara moja kuna tatizo. Wimbo ulikuwa unakudanganya kwa adabu.

Ndiyo maana Mwanakwetu ameishi na wimbo nusu zaidi ya miaka kumi na tano bila kushtuka.

#5 Mwalimu Nyuki

Mnazunguka mbuyu. Ni makampuni ya muziki yaliyokuwa yanamwaga mafaili mabovu mtandaoni makusudi. Kulikuwa na kampuni kazi yake ni hiyo tu, Overpeer na MediaDefender, zinalipwa kujaza mafaili feki ili mtu achoke kushusha. Madonna mwaka 2003 aliweka feki za nyimbo zake: unashusha, unafungua, unakuta sauti yake mwenyewe inakutukana. Walianza baada ya Napster, ile programu ya kugawana nyimbo mtandaoni, kuja mwaka 2000. Kwa hiyo hizo 41 si bahati mbaya, ni vita.

#6 Ngalawa

Mwalimu wangu, Madonna naelewa. Sasa ni nani huko Marekani alilipwa dola kuja kuharibu wimbo wa kijana wa Temeke?

#7 Zeze

Tuweke miaka sawa kidogo. Napster ilianza Juni 1999, si 2000. Kijana mwanafunzi, Shawn Fanning, aliiandika akiwa Boston. Mwaka 2000 ndio bendi ya Metallica walipoishtaki, wakapeleka orodha ya majina 335,435 ya watumiaji waliokuwa wanagawana nyimbo zao. Julai 2001 ikazimwa. Iliuawa kirahisi kwa sababu orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa kwenye seva zake. Mahakama ikishika seva, imeshika kila kitu.

Nyimbo za 2004 haziwezi kuwa zimetoka Napster. Wakati huo watu walikuwa kwenye programu nyingine za kugawana: Kazaa, LimeWire, eMule na Soulseek.

#8 Mwalimu Nyuki

Nakubali mwaka, nilikosea. Hoja ya feki naibakiza. Hiyo Kazaa ya Waswidi ndiyo ilikuwa imejaa uchafu kuliko zote.

#9 Zeze

Waswidi nusu. Niklas Zennström ni Mswidi, Janus Friis ni Mdenmaki, na vijana walioandika programu yenyewe walikuwa Waestonia. Timu hiyohiyo mwaka 2003 ikatoa Skype. Yaani waliotupa nyimbo za bure ndio waliowapa mama zetu nafasi ya kuongea na watoto wao walioko ughaibuni bila kadi ya simu. Mimi nawaheshimu.

Na kwenye hoja yako ya uchafu kuna ukweli wa kiufundi. Kazaa ilikuwa inatambua faili kwa kukagua sehemu tu: KB 300 za mwanzo, halafu vipande vya KB 300 kwenye MB 1, MB 2, MB 4, inazidisha mara mbili hivyo hivyo, na kipande cha mwisho. Katikati ya vipande hivyo haikuangalia kitu. Ukiharibu pale pasipokaguliwa, Kazaa inaamini ni faili lilelile na inawachanganyia watu vipande vibovu na vizima. Hao Overpeer waliujua mlango huo. Lakini njia hiyo inatoa wimbo wenye makelele katikati. Haitoi wimbo unaoishia "nita...".

#10 Mhudumu Mstaafu

Salaam wadau. Mimi nilikuwa mhudumu wa intaneti kafe Mwanza kuanzia 2003, nimekuwa nasoma kimya ila hapa lazima niseme.

Tulikuwa na kompyuta kumi na mbili na laini moja ya satelaiti ya kilobiti 128 kwa sekunde. Nyaya za baharini zilifika pwani yetu 2009. Kabla ya hapo kila herufi ilipanda angani na kurudi. Sasa pigeni hesabu. Laini ya 128 ni kama KB 16 kwa sekunde. Zigawe kwa watu kumi na wawili, kila mtu anapata kama KB 1.3. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 3.8. Hiyo ni dakika 48 kwa wimbo mmoja, kama hakuna aliyefungua picha. Mteja amelipia nusu saa. Atamaliza vipi?

Halafu kompyuta zetu zilikuwa na programu ya kuzirudisha zilivyokuwa kila zikizimwa, kwa sababu ya virusi. Mtu anaacha wimbo wake umefika nusu, ananiomba "kaka niachie mpaka kesho", na mimi najua nikizima saa nne usiku kila kitu kinafutika. Wengine niliwahamishia kwenye kompyuta yangu ya kaunta kabla ya kuzima. Wimbo nusu, kama ulivyo. Sikuwa na moyo wa kuufuta.

Ila kuna kitu sijawahi kukisimulia. Usiku wa zamu, wateja wakishaondoka, nilibaki peke yangu na ile laini nzima. Wimbo wa MP3 wa kawaida ulibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, na laini yetu ilikuwa kilobiti 128 kwa sekunde. Laini ikiwa safi, wimbo ulikuwa unashuka kwa mwendo uleule unaoimbwa. Dakika nne zinashuka kwa dakika nne. Nilikuwa nafungua Winamp naucheza huku unaingia, na mbele yangu haukuwepo, ulikuwa bado uko angani. Wimbo wa pili siku hizi unaanza kabla sijanyanyua kidole, na sijawahi tena kusikiliza kwa makini vile.

#11 Kamwana 254

Mhudumu, umeniweza. Heshima.

#12 Mwanakwetu wa Tabata

Asanteni sana wote. Mhudumu, nimesoma bandiko lako mara tatu.

Lakini niwe mkweli, mimi sikushusha huo wimbo kafe. Nilinunua CD ya kuchomwa Kariakoo, pembezoni mwa barabara, imeandikwa kwa kalamu ya wino "MP3 NYIMBO 150". Kwa hiyo aliyekata aliukata kabla haujanifikia. Ndicho kinachonisumbua.

#13 Binti wa Kilindini

Mimi CD kama hizo ndizo zilizonilea hapa Mombasa. Kosa langu lilikuwa kwenye majina. Kwetu kila wimbo wa reggae ulikuwa wa Bob Marley, basi. Hata "Don't Worry, Be Happy" ilikuwa Bob Marley, na picha yake iko kwenye jalada. Nimekuja kujua nikiwa chuo kuwa ni ya Bobby McFerrin na ilitoka 1988, wakati Marley alifariki 1981. Nilibishana na mhadhiri mbele ya darasa zima, na nilikuwa na uhakika kabisa.

#14 Mtoto wa Virunga

Niko Goma. Kwetu ilikuwa Franco. Gita ikilia tu, faili inaandikwa Franco. Franco alituacha 1989, lakini niko na nyimbo za "Franco" zenye atalaku, yule mchangamshaji wa bendi, anapigia kelele matajiri wa miaka ya 2000. Baba yangu alikuwa anakasirika kweli. Alikaa karibu na mimi akaanza kusahihisha majina moja kwa moja: huyu si Franco, huyu ni Madilu, huyu si Franco, ni Josky. Tulifanya ile kazi wiki tatu. Baba sasa hayuko. Majina aliyoyaandika ndiyo ninayotumia mpaka leo kwa simu yangu.

#15 Fundi Disketi

Virunga, pole na hongera kwa kumbukumbu hiyo.

Majina yaliharibika kwa sababu lebo ya zamani ya MP3 ilikuwa baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu. Jina refu linakatwa. Na angalia neno "mwishoni". Wimbo uliokatika unapoteza lebo yake pamoja na mkia. Aliyeupokea anaona faili halina jina, anaandika analodhani. Kwa hiyo kukatika na kupotea majina wakati mwingine ni ugonjwa mmoja.

Mwanakwetu, nifanyie kitu. Bonyeza faili lile upande wa kulia wa kipanya, angalia sifa zake, niandikie ukubwa kamili kwa baiti. Usikadirie.

#16 Mwanakwetu wa Tabata

MB 2.77. Kwa baiti inasema 2,914,304.

#17 Fundi Disketi

Nimesimama kwenye kiti. Sikilizeni.

Disketi ile ya MB 1.44 ukiiandaa kwa Windows inabaki na nafasi ya baiti 1,457,664. Hizo ni KB 1,423 na nusu. Wimbo wa MB 3.8 hauingii, unahitaji disketi tatu. Tulikuwa tunatumia HJSplit: unaipa faili, unaiambia kata vipande vya KB kadhaa. Nusu huwezi kuandika. Kwa hiyo mtu mwangalifu aliandika 1423.

1,423 mara 1,024 ni 1,457,152. Zidisha mara mbili: 2,914,304.

Hiyo ni namba yako, baiti kwa baiti. Kwa KB 16 kwa sekunde, vipande viwili ni dakika 3 na sekunde 2. Wimbo wako uliwahi kusafiri kwenye disketi tatu, na ya tatu haikufika. Ama ilipata sekta mbovu, ama ilikaa karibu na spika yenye sumaku, ama mtu aliisahau kwenye daladala. Aliyepokea akaunganisha mbili alizonazo, zikaimba, akaridhika.

Mimi nilizibeba hizo disketi kwenye mfuko wa shati toka mjini hadi Ubungo, zimefungwa kwa mpira wa noti, kila moja nimeandika namba kwa kalamu: 1, 2, 3. Ukifika nyumbani unaiingiza ya kwanza, unasikia ile sauti ya kukwangua, krrr krrr, unaomba Mungu. Ya pili. Ya tatu, na hapo ndipo moyo unapokaa mdomoni.

#18 Kamwana 254

Fundi, hii ni chai tamu lakini ni chai. Mimi nilitumia WinRAR. Ukikosa kipande cha tatu haikupi kitu, inakuambia leta kipande kinachofuata, kwisha maneno.

#19 Fundi Disketi

WinRAR na HJSplit si kitu kimoja. HJSplit inakata kama kisu kwenye mkate, haifungi chochote juu yake. Unaweza hata kuchukua kipande cha kwanza peke yake, ukabadilisha jina kiwe .mp3, kikaimba. Na hata WinRAR kulikuwa na kisanduku cha kutia tiki ili ikuachie faili lililoharibika badala ya kulifuta. Wengi hatukukiona.

#20 Ngalawa

Mtu amekata nyama buchani Kariakoo, Fundi anakuambia ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Nimevua kofia.

#21 Salha wa Muscat

Asalaam alaykum. Mie napita tu lakini wallahi mumenitia baridi.

Huo wimbo nadhani naujua, nami ninao, na wangu nao unaishia pale pale kwenye "nita". Nimeuangalia sasa hivi: 2,914,304. Sijawahi kufika Kariakoo wala kununua CD yoyote. Nilitumiwa na dada yangu alokuwa London, kwenye MSN Messenger, miaka ileile. Yeye alipewa na mwenzake wa skuli.

Kwa hivyo disketi hiyo ya tatu, kama ni disketi, ilipotea mara moja tu, kwa mtu mmoja. Kisha dunia nzima tukaimba kilema chake.

Kwetu kulikuwa na kukata kwengine tena. Ami yangu alihamisha taarab zake zote kutoka kanda kuingia kwenye kompyuta. Kanda ya dakika 60 ina nusu saa kila upande, na nyimbo za taarab ndefu, upande ukiisha wimbo unakatika. Watu wengine wanasubiri, wanageuza, wanauanza upya. Ami hakutaka kupoteza kanda. Akaziweka Soulseek hivyo hivyo, zimekatika. Mpaka leo nasikia watu wanacheza nyimbo zinazokatika pale pale alipogeuza kanda yeye, chumbani kwake Ruwi. Nazijua kwa sababu kuna moja unasikia mlango unafunguliwa. Mlango ule ni wetu. Na aliyeingia ni mama yangu.

#22 Binti wa Kilindini

Salha, uwe na hiyo nyimbo milele.

#23 Mtunzi wa Magomeni

Samahani kwa kuingia na uso mwingine. Nimesoma uzi wote na nimefurahi, hasa huyo wa mlango. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili. Nilirekodi 2003. Msambazaji alinipa hela mara moja, kanda zikaenda, na baada ya hapo sikuona senti. Nilisikia wimbo wangu kwenye basi la Singida, kwenye saluni, kwenye simu ya askari barabarani. Kila mtu alikuwa nao. Nilikuwa napanga chumba kimoja na umeme tunachangia. Sheria ya Hakimiliki ilikuwepo tangu 1999, lakini ningemshtaki nani, basi la Singida?

Na kwa taarifa yenu, sisi wenyewe tulikuwa tunakata. Tukipeleka wimbo redioni kabla kanda haijatoka, tunapeleka CD yenye wimbo uliokatwa makusudi mwishoni, ili anayerekodi redioni asiupate wote, akanunue kanda. Fundi ana hesabu nzuri, siibishi. Lakini wimbo unaokatika katikati ya neno ni kitu tulichokifanya kwa mikono yetu, studio, nimekaa hapo nikiona. Namba zinaweza kukutana.

#24 Kamwana 254

Mtunzi, pole sana, na nasema kutoka moyoni. Ila jiulize tungenunua wapi. Duka la iTunes lilifunguliwa Aprili 2003, senti 99 kwa wimbo, na unahitaji kadi ya benki ya kule. Spotify imefika Kenya na Tanzania Februari 2021. Kati ya hapo ni karibu miaka 18. Na kanda ya msanii wa Dar kuipata Nairobi ilikuwa kazi, kuipata Muscat sijui. Wimbo wako kama niliujua, niliujua kwa hiyo njia ya wizi. Hakukuwa na mlango mwingine ambao tuliupita tukaukataa.

#25 Mtunzi wa Magomeni

Najua. Lakini mimi kodi nilidaiwa mwaka ule, si 2021.

#26 Mwalimu Nyuki

Mtunzi, bandiko lako limenifanya nirudi nyuma. Mimi nilikuwa naburudika na hadithi za kampuni za Marekani nikasahau walioimba ni majirani zetu.

#27 Ngalawa

Kuna kizazi kitapita hapa kitadhani habari inaishia kwenye kompyuta. Sisi tusio na kompyuta tulikuwa na simu ya rafiki. Mwanzo ilikuwa infraredi: unaziweka simu mbili kichwa kwa kichwa mezani, kama kondoo wanataka kupigana, na hakuna kupumua. Mtu akitikisa meza, mmerudi mwanzo. Ikaja Nokia 6600 na Bluetooth, tukaona tumefika mbinguni. Mabibo hosteli usiku unatafuta Bluetooth, unakuta majina ya watu chumba cha pili: "Usiniguse", "Mama Junior", "Nipe Nyimbo". Huyo wa mwisho nilimpa. Ndiye mama wa watoto wangu.

#28 Mhudumu Mstaafu

Ngalawa, hongera! Na hapo napo palikuwa na kukata. Mtu anatembea huku anapokea, akitoka nje ya mita kumi wimbo unaishia hapo. Ila simu nyingi zilikuwa zinalifuta faili lisilokamilika, kwa hiyo sijui kama hizo 41 zinaingia humo.

#29 Mwanakwetu wa Tabata

Wakuu, nimerudi. Nimeangalia mafaili yote 41 kama Fundi alivyonifundisha. Saba yana ukubwa uleule, 2,914,304. Saba! Mengine 34 kila moja na lake, hakuna mpangilio wowote ninaouona. Kumi na moja yamepoteza majina, yameandikwa "Track 01" au jina la mtu ambaye sauti si yake.

Kwa hiyo kuna mtu mmoja, mahali fulani, aliyekuwa anakata kwa 1423 na disketi zake za tatu zilikuwa mbovu. Au alikuwa na disketi mbili tu. Hilo limenijia usiku: kwamba hakupoteza kitu, alikuwa na mbili tu mfukoni, akachukua kilichotosha.

#30 Mtunzi wa Magomeni

Au saba hizo zote zilitoka studio moja. Tuma majina yake inboksi, nitakuambia zipi zilipita mikononi mwetu.

#31 Fundi Disketi

Tuma pia kwangu.

Kuna jaribio moja. Kipande cha kwanza kinaisha dakika 1 na sekunde 31. Kama mtu aliunganisha vipande kizembe, kwa mfano alikikata kwanza kila kimoja kwenye programu ya sauti, pale kwenye maungio patakuwa na mshtuko mdogo, kama ukucha umegusa meza. Aliyeunganisha kwa HJSplit hataacha alama. Vaa spika za masikioni, zima feni, sikiliza 1:31.

#32 Mwanakwetu wa Tabata

Nimesikiliza mara sita. Kuna kitu. Ni kidogo sana, kama mtu ameweka kikombe chini. Lakini kipo pia kwenye 2:10, kwa hiyo inawezekana ni ngoma.

#33 Salha wa Muscat

Yangu nimesikiliza pia. 1:31 haina kitu. 2:10 nasikia.